Boila la mafuta mazito: ukoko kwenye supahita, kutu kwenye ekonomaiza

Zamu ya Usiku
Wakuu, tukifungua boila kwa usafi tunakuta ukoko mgumu kwenye mabomba ya supahita (yanayozidisha joto la mvuke), patasi inadunda tu. Kule mwisho, kwenye ekonomaiza (moshi unapopasha maji yanayoingia boila), chuma kinabanduka magamba. Maji tunapima kila zamu, yako sawa. Mabosi wanataka tubadilishe mabomba basi. Mnasemaje?

Fundi Mvuke
Maji yaache, tatizo liko upande wa moto. Mabomba mapya yataliwa vilevile.

Ukoko wa supahita unatokana na vanadiamu (aina ya metali) na sodiamu zilizomo kwenye mafuta. Oksidi ya vanadiamu inayeyuka kwenye nyuzi 670 hadi 690 za Selsiasi; ikikutana na sodiamu, hata chini ya 600. Inanata kwenye bomba kama uji na kula ile ngozi inayokinga chuma. Dawa ya magnesiamu husaidia kwa sababu mchanganyiko wake huyeyuka juu ya 1000, kwa hiyo majivu yanabaki makavu na kipulizia masizi kinayaondoa. Dozi ifuate kiasi cha vanadiamu kwenye mafuta yenyewe. Dai cheti cha maabara kila shehena, usikubali dozi ya kukadiria.

Ekonomaiza inaliwa na asidi ya salfa, ambayo hugeuka matone kwenye chuma kilicho chini ya nyuzi 120 hadi 150 hivi. Usidanganywe na joto la moshi: chuma pale kinafuata joto la maji yanayoingia. Maji yenu yanaingia na nyuzi ngapi? Na oksijeni kwenye moshi inasoma ngapi?

Zamu ya Usiku
Maji 95. Oksijeni 6%. Tukipunguza hewa, moshi unakuwa mweusi.

Fundi Mvuke
Basi 6% ni hewa ya ziada, nayo inawaumiza kotekote: inazidisha asidi, na inaisukuma vanadiamu hadi kwenye ile oksidi inayoyeyuka. Moshi mweusi wakati hewa ipo tele maana yake mafuta hayapulizwi vizuri. Kagua nozeli (tundu za kupulizia mafuta) kama zimelika, joto la mafuta yakifika kwenye bana (kichomeo), na presha ya mvuke wa kupulizia. Halafu shusha hewa kidogo kidogo huku ukiangalia moshi. Ila kwanza ziba milango na nyufa, maana hewa inayovuja baada ya tanuru inapandisha kipimo bure. Maji nayo yapandisheni joto. 95 ni baridi mno kwa mafuta yenye salfa.

Mkemia wa Zamu
Naongezea: boila likipoa, ukoko hunyonya unyevu na asidi inaendelea kula hata moto ukiwa umezimwa. Mkianza kuosha kwa maji ya magadi, osheni mpaka maji yanayotoka yasiwe na asidi, kisha kausheni siku hiyohiyo. Kuosha nusu ni hasara kuliko kutoosha. Na vaeni barakoa za kuchuja vumbi, majivu ya vanadiamu ni sumu kwa mapafu.

Zamu ya Usiku
Nozeli ya bana ya chini tumeitoa leo. Tundu limekuwa na umbo la yai.

Fundi Mvuke
Badilisheni seti nzima, msichanganye mpya na kuukuu.