Kifuani picha ya Mwenyeheri Floribert, deponi unga wa fukusi

Ndugu wa Goma, mlio mjini na mlio mbali, leo nimechoka na nitasema. Kama wewe ni wa "usimhukumu mwenzio", subiri kwanza nimalize.

Mimi napika mandazi. Wateja wangu ni wanafunzi na vijana wa moto, wale wa pikipiki za abiria, wanaopita alfajiri. Unga nachukua kwenye depo moja upande wa Birere, ya papa mmoja, yaani baba mmoja mtu mzima, ambaye ni prezida wa shirika letu, jumuiya yetu ndogo ya Wakatoliki. Papa wa kusoma masomo kwenye misa, wa kuanzisha rozari kila msiba unapotokea. Floribert Bwana Chui, shahidi wetu wa Goma, alipotangazwa Mwenyeheri (hatua moja kabla ya utakatifu) kule Roma, tarehe 15 Juni 2025, papa huyo ndiye alituhimiza sote tushone nguo za kikwembe chenye picha ya Floribert, na hela alikusanya yeye. Shati lake la kikwembe hicho analivaa mpaka dukani. Sawa, hakuna ubaya.

Juzi nafungua mfuko wa kilo 25: fukusi. Si wawili watatu wa kutoa kwa kidole. Unga wenyewe ulikuwa unatembea. Uvundo unakupiga usoni, chini kuna madonge magumu, na mdomo wa mfuko umeshonwa mara ya pili kwa uzi wa bluu juu ya matundu ya uzi wa zamani. Pale panapoandikwa tarehe ya mwisho pamesuguliwa mpaka pamekuwa peupe.

Narudi deponi na kibakuli cha ule unga. Papa Prezida anautazama, hashtuki hata kidogo. "Mama, unga ni unga. Chekecha, ongeza sukari, nani atajua?" Alipoona sicheki akabadilisha wimbo: hali ni ngumu, uwanja wa ndege ulifungwa na vita ya Januari 2025, benki nazo zikafungwa, mali inakawia njiani, basi tusaidiane kama Wakristo. Tusaidiane! Papa huyu huyu, ukimpa dola yenye mpasuko mdogo kama kucha ya mtoto, anaiinua juani, anaigeuza, anakurudishia: "Mama, hii haipiti." Noti yangu haipiti, unga wake unapita. Na wakati naondoka, bila aibu: "Mungu akubariki, tutaonana kwenye shirika."

Hebu tukumbushane aliye kwenye hilo shati ni nani. Ni mtoto wa hapa hapa Goma. Alikuwa anafanya kazi OCC, ofisi ya kukagua bidhaa. Mwaka 2007 walimletea matabishi, yaani hongo, apitishe chakula kilichoharibika, akakataa. Wakamshinikiza, akakataa. Julai ya mwaka huo huo wakamteka, wakamtesa, wakamuua, akiwa na miaka 26. Hakuuawa akiwa altareni wala akihubiri kwa kipaza sauti. Aliuawa kwa sababu ya kazi ya kila siku ya ofisini, ya kusema mzigo huu unapita na huu haupiti. Alipoulizwa kwa nini asichukue tu, jibu lake lilikuwa kwamba hela zitakwisha upesi, na wale watakaokula hivyo vitu je? Alikuwa wa Sant'Egidio, jumuiya ya waamini Wakatoliki, anashughulika na maibobo, watoto wa mitaani wa mjini, akiwatafutia shule. Baba Mtakatifu Fransisko alimtaja mbele ya vijana Kinshasa, Februari 2023, na sisi wa Goma tulivimba vichwa wiki nzima.

Yaani katika watakatifu wote wa kanisa, huyu papa amekwenda kuchagua yule aliyekufa kwa kukataa chakula kibovu! Angevaa Mtakatifu Antoni, yule wa vitu vilivyopotea, labda angemsaidia kutafuta zile tarehe.

Lakini kilichoniuma kuliko unga ni kijana. Pale deponi kuna kijana anayesaidia kazi, anajiandaa kwa kipaimara. Ndiye anayepewa kitambaa na ile dawa ya kutoa rangi ya kucha, asugue tarehe mfuko kwa mfuko, huku nyuma. Jioni anavaa viatu safi anakwenda mafundisho, na anayemkuta pale mbele akimweleza namna ya kuwa shahidi wa Kristo ni bosi wake. Mafundisho gani yatakayomwingia huyo mtoto? Ya jioni, au ya kitambaa? Simwongelei zaidi, asije akapoteza kazi.

Hatua chache kutoka hapo kuna mama mmoja Mwislamu anauza maharage na unga kidogo kidogo. Hana picha ya mtu ukutani. Kipimo anajaza mpaka kinamwagika, halafu anaongeza konzi. Mara moja nilitaka unga akanizuia: "Mama, huu ni wa zamani, ngoja wa kesho." Alipoteza hela kwangu siku hiyo na hakufanya hotuba. Ukiniuliza leo ni nani Birere anaishi kama Floribert, nitakuelekeza kwake.

Nimempelekea katekista neno hili. "Tumuombee kwanza, usichafue shirika." Sasa shirika nimelichafua mimi niliyeonyesha unga? Kumuombea nitamuombea, mdomo ninao mmoja lakini unatosha kazi mbili. Na mtakaokuja hapa kuniambia wafanyabiashara wote wanafanya hivyo: wote hawakusimama mbele yetu kutufundisha maisha ya shahidi.

Ninachotaka: anirudishie hela yangu. Mifuko iliyobaki itolewe mbele ya kamati ya shirika, isiende kwa mama mwingine mwenye watoto. Na yule kijana asiguswe. Mpaka hapo, kwenye zamu yake ya kuongoza sala mimi sitaitikia.

Aliyenunua unga wa ngano upande ule hivi karibuni aangalie mdomo wa mfuko. Ukiona uzi wa bluu na matundu mawili mawili, usipike. Uweke, niandikie, tutakwenda pamoja.