MTU ANAAZIMA KITABU, ANAMZUNGUSHIA MUUAJI DUARA LA PENI!!

Mke wa Baharia (mwenye uzi)
Wanajamvi wa Mtwara na Lindi, salamu baadaye. Mikono inatetemeka, nikikosea herufi msinisahihishe.

Yule mtu. Mnamjua. Msomi wa Shangani nzima, anayeazima hadi kalenda. Simtaji, mama yake mtu mwema.

Nilipata mtumbani kile cha Agatha Christie cha mwaka 1926, ambacho daktari wa kijijini ndiye anayesimulia. Sijafungua hata jalada, kaja: "Dada niazime mara moja, naenda Masasi, Jumapili narudi." Jumapili ya mwaka gani? Wiki SITA. Kimerudi kimeumuka kama mkate wa kumimina, katikati kuna ganda la ming'oko, vile viazi pori vyetu, eti alama. Hilo nimesamehe, na mimi ming'oko naila.

Jana umeme umekatika, nikajilaza barazani na tochi ya simu. Ukurasa wa KWANZA jamani. Sentensi ya pili, daktari anaposema "mimi", ile herufi moja ya Kizungu, imezungushiwa duara la peni ya bluu. Mshale. Pembeni: HUYU NDIYE KAUA.

Sentensi ya pili! Mpelelezi Poirot mwenyewe hajatokea, mamumunya anayolima baada ya kustaafu sijayaona, mimi muuaji nishamjua! Yaani mtu kakaa, kang'oa kifuniko cha peni kwa meno, kazungusha duara, KARUDIA juu yake likolee. Na mshale wa nini? Duara lisingetosha?

Miaka kama mia dunia imeitunza siri hiyo. Imekuja kufia Mtwara.

Kobe wa Mikindani
Pole dada. Ila mimi nilikuwa ukurasa wa 112 wa kitabu hichohicho. Nimekirudisha kabatini. Ahsante.

Mchuzi wa Pweza
😂😂 Yeye kamharibia mmoja, wewe umeharibia jamvi zima.

Mke wa Baharia
Mimi nimenukuu tu kilichoandikwa pembeni! Mlaumuni mwenye mshale!

Fundi Redio
Sijaelewa. Herufi ndiyo imeua?

Kobe wa Mikindani
Fundi, acha tu.

Kijana wa Masasi
Dada shukuru kimerudi. Mimi huyohuyo kanichukulia bomba la kupulizia mikorosho salfa mwezi wa sita, maua ndiyo yanatoka. Ugonjwa wa ubwiri unga ukaila yote, na bomba sijaliona hadi leo. Afadhali angenichorea mshale.

Mwalimu Mstaafu
Mnajitakia kwa kukimbilia vya Wazungu. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, hata uambiwe mhalifu mapema, utaendelea kusoma kwa utamu wa Kiswahili chake. Na yule jasusi Willy Gamba wa Musiba ndiyo haharibiki kabisa. Toka mwanzo unajua atashinda.

Mchuzi wa Pweza
Mwalimu shikamoo, ila hapo nakataa. Joram Kiango wa Ben Mtobwa ndiye baba lao.

Binti Chikongola
Mie hizi za siku hizi ndizo zimenichosha. Tangu Gillian Flynn atoe ile ya 2012 ya mke aliyepotea, kila nikishika kitabu: mke mlevi, mume mwongo, jirani kajibanza dirishani, na anayesimulia naye simwamini. Kupotea mbona Agatha Christie alipotea mwenyewe, Desemba 1926, siku 11! Wakamkuta hotelini Harrogate, kajiandikisha kwa jina la ukoo la hawara wa mumewe. Huyo ndiyo mwanamke, hakuhitaji kurasa 400.

Fundi Redio
Hoteli kalipia nani?

Mke wa Baharia
Jamani tunazungumzia DUARA. La bluu. Kalirudia mara mbili!

Mwalimu Mstaafu
Marahaba Mchuzi. Joram bila mwenzake Nuru ni nani?

Kijana wa Masasi
Huyo Poirot kama kastaafu kweli alime ufuta, mamumunya hayana soko. Halafu watu wa Mtama, fedha za ufuta zimeingia?

Mchuzi wa Pweza
Bado. Kila siku tunaambiwa kesho.

Binti Chikongola
Na huku kwetu maji siku ya nne.

Fundi Redio
Samahani Kijana, hilo bomba ni la njano, mkanda kafungia kamba ya katani?

Kijana wa Masasi
Ndiyo!!! Umelionea wapi?

Fundi Redio
Lipo hapa nyumbani. Kaka alilileta, mama anamwagilia mchicha.

Kijana wa Masasi
Natoka Masasi sasa hivi. Usimwambie.