Mrejesho: zile kaseti za gemu kutoka Japani

Wakuu, niliuliza kwa nini gemu za mitumba za Japani huonekana mpya kuliko za Marekani, nikihofia picha zinadanganya. Mzigo umefika, wa pande zote mbili.

Muuzaji wa Japani alionya kwamba kaseti ya Super Famicom (mashine ya gemu ya Nintendo) "ina mikwaruzo". Nimeutafuta huo mkwaruzo kwa tochi ya simu! Boksi la karatasi lipo, kijitabu kipo. Ya Marekani iliandikwa "hali nzuri sana": imekuja kaseti tupu, stika ya duka la kukodisha imeganda usoni, na mgongoni jina la mtoto kwa kalamu ya wino mzito.

Aliyenijibu kwamba chanzo ni maduka ya kukodisha gemu alipatia. Japani hakimiliki iliizuia biashara hiyo, ilhali Marekani kaseti moja ilizunguka nyumba kibao.

Ila usafi wa nje usiwazuzue. Betri ya kuhifadhia mchezo ilishakufa kwenye ile ya Japani, ikabidi nichomelee CR2032 mpya. Na Mjapani akiandika "janku" (yaani takataka), ujue ni mbovu au hajaijaribu, wala haipokei ukiirudisha. Mimi bado naagiza huko.