Msaada wa haraka: mdogo wangu kazidisha panadol, wanataka kumuongezea dawa ya utafiti, akubali?

Dada_Mkubwa: Wakuu habari za usiku, niko wodini hapa Edinburgh, mikono inatetemeka mnisamehe. Mdogo wangu ana miaka 22, anasoma huku, jino lilimuuma akameza panadol nyingi kupita kiasi, sasa yuko kwenye dripu ya asetilisisteini ya kukinga ini. Kaja daktari na makaratasi anasema kuna utafiti, wanaongeza dawa ya pili juu ya hiyo dripu, inaitwa kalmangafodipiri, waone kama ini litakingika zaidi. Wengine wanapewa, wengine wanabaki na dripu tu, kompyuta ndiyo inachagua nani apewe. Mdogo wangu anatapika, kafumba macho, kaniambia dada ukisema sawa nasaini. Mngekuwa nyie mngefanyaje?

Mzee wa Tabata: Pole binti. Ila vijana mnakula dawa kama karanga. Sisi jino likiuma ni karafuu, unalala.

Mama Kulwa: Mzee shikamoo, karafuu itasaidia nini mtu yupo kwenye dripu? Dada mi nasema akatae, mzungu akikuletea karatasi nyingi hivyo ujue kuna jambo. Shemeji yangu Morogoro aliwahi kuingia utafiti wa malaria, kila mwezi anatolewa damu, alichoambulia ni nauli na soda, mpaka leo ukimtajia sindano anatoka nje.

Fundi Dawa: Mimi ni mfamasia. Hiyo dripu si ya majaribio, ilianza kutumika hapohapo Edinburgh miaka ya 1970, na ikianza ndani ya saa 8 tangu mtu ameze inakinga ini karibu kabisa. Panadol ikiingia mwilini sehemu ndogo inageuka sumu, ini lina kinga yake inaitwa glutathioni inaifuta, sasa ukizidisha kinga inaisha na sumu inaanza kula ini lenyewe. Dripu inairudisha ile kinga. Hiyo ya pili ina madini ya manganizi, imetokana na dawa ya zamani ya kupigia picha za MRI. Jaribio la mwanzo lilifanyika Edinburgh kwa wagonjwa 24, matokeo yakatoka 2019, walikuwa wanapima usalama kwanza, watu 24 hawatoshi kusema inaponya. Sasa nijibu: alimeza saa ngapi, na ni mara moja au kidogokidogo?

Dada_Mkubwa: Jana jioni.

Fundi Dawa: Mara moja?

Dada_Mkubwa: Hapana. Alianza Alhamisi, kila jino likirudi anameza, na juu yake anakunywa ule unga wa mafua wa kukoroga na maji moto, hatukujua nao una panadol ndani. Mapokezi akasema ni jana jioni tu, mimi nipo pembeni nikanyamaza. Aliogopa wakisikia siku tatu wataandika alitaka kujidhuru, na viza yake inaisha mwaka huu. Na mimi nikaona dripu si imeshaanza, tofauti iko wapi? Kalamu yenyewe ameshaishika.

Chumvi Nyingi: Uzi wa kutunga huu. Mara jana mara Alhamisi. Mtu mdogo wake yuko kitandani anapata wapi utulivu wa kuandika jina refu la dawa bila kukosea herufi?

Binti_Tanga: Subirini namba ya kuchangia. Kuna jamaa alitulilia figo ya mama yake humu, tukachanga, mama mwenyewe yuko shamba analima.

Mama Kulwa: Na mimi nilishaanza kumuombea jamani.

Dada_Mkubwa: Sijaomba hata shilingi. Jina nalinakili kwenye karatasi, iko mapajani kwangu. Mashine ya dripu inalia kila akikunja mkono, nimemshikia kiwiko kinyooke huku naandika kwa kidole gumba. Mnaoamini naomba mnijibu.

Fundi Dawa: Hata ingekuwa hadithi nitajibu, kuna mwingine atasoma. Kipimo cha damu kinasomwa kwenye grafu inayohesabu saa tangu umeze mara moja. Mkidanganya saa, grafu nayo inadanganya, ataonekana yuko salama dripu itolewe mapema. Na siku ya kwanza mtu anaweza kujisikia mzima kabisa, ini linakuja kuonyesha siku ya pili, ya tatu. Bonyeza kengele ya nesi sasa hivi. Utafiti mtaamua baadaye, akikataa dripu yake haiguswi.

Mzee wa Tabata: Fundi, hiyo ya mafua ni ipi? Maana wiki nzima nachanganya na panadol.

Fundi Dawa: Mzee soma pakiti. Mtu mzima ndani ya saa 24 asizidi gramu 4, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, ukijumlisha na iliyomo kwenye ya mafua. Kama umepitiliza nenda hospitali leo, usisubiri uumwe.

Dada_Mkubwa: Nimebonyeza. Nesi kaja, nimemwambia Alhamisi, nimemwambia na unga wa mafua. Hajanigombeza, kavuta kiti akaandika, akamuuliza taratibu kama alitaka kujidhuru, mdogo wangu kajibu mwenyewe ni jino. Wamemtoa damu nyingine. Fomu daktari kaichukua haijasainiwa, kasema tuongee upya majibu yakitoka. Simu iko asilimia 6.