Kibao na wasifu wa kumuenzi Bibi Titi Mohamed: maneno mangapi, na ya 1969 tuyaandike?

mwl_jamvini
Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari za leo. Shule ya sekondari, chumba kipya cha kusomea kinapewa jina la Bibi Titi Mohamed, aliyeongoza wanawake katika kudai uhuru wa Tanganyika. Kinachotakiwa ni viwili: kibao cha jiwe cha sentimita 60 kwa 40 ukutani nje ya mlango, na wasifu wa kusomwa siku ya uzinduzi, dakika 8. Rasimu iliyopo ina maneno 1,400 na imejaa "shujaa", "jasiri", "mama wa taifa", "mwanamke wa kwanza". Kamati imegawanyika kuhusu kesi ya uhaini iliyofuata kukamatwa kwake 1969: wapo wanaotaka iachwe kabisa, wapo wanaotaka itajwe. Naomba msaada kwa wanaojua, hasa nini kiingie kwenye jiwe na nini kibaki kwenye karatasi.

Kumbukumbu
Marahaba Mwalimu. Nianze na hesabu. Msomaji asiye na haraka husoma maneno kama 100 kwa dakika mbele ya watu, akiacha nafasi ya makofi. Dakika 8 ni maneno 800, basi. Ukimpa 1,400 atakimbia, na atakachokiruka ni zile aya za mwisho ambazo ndizo ngumu.

Sasa futa sifa zote, uache matendo. "Jasiri" halimwambii mwanafunzi chochote mpaka ajue palikuwa na cha kuogopa. Eleza hali ilivyokuwa: TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, imeanzishwa Julai 1954, na serikali ya kikoloni ilikuwa tayari imepiga marufuku watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Maana yake wasomi wengi, makarani na walimu wa serikali, hawakuweza kushika kadi hadharani bila kuhatarisha ajira. Wanawake wa mjini Dar es Salaam hawakuwa na ajira hiyo ya kupoteza, na walikuwa na kitu ambacho chama hakikuwa nacho: vikundi vya ngoma na lelemama (ngoma ya wanawake) vyenye viongozi wake, michango yake na njia zake za kupelekeana habari mtaa kwa mtaa. Bibi Titi alikuwa mwimbaji kiongozi katika kikundi kimoja, Bomba. Alipokabidhiwa uongozi wa wanawake wa TANU mwaka 1955 hakwenda nyumba moja moja, alikwenda kwa viongozi wa vikundi, na kikundi kikikubali kinakuja chote. Ndiyo maana inatajwa idadi ya wanawake wapatao 5,000 ndani ya miezi michache tu. Aya hii moja ukiiandika vizuri, neno "jasiri" halitahitajika.

Halafu kuna makosa yanayojirudia kwenye wasifu wa aina hii. Angalia kama rasimu yako inayo.

La kwanza ni kuchanganya tawi la wanawake la TANU (1955) na UWT, yaani Umoja wa Wanawake wa Tanganyika (1962). Ni vitu viwili. UWT iliundwa baada ya uhuru, na yeye ndiye mwenyekiti wake wa kwanza. Hilo "wa kwanza" unaweza kuliandika bila wasiwasi.

La pili ni "waziri wa kwanza mwanamke". Hapo unateleza. Alikuwa waziri mdogo. Wanawake wa kwanza kuwa mawaziri kamili Tanzania ni Tabitha Siwale na Julie Manning, mwaka 1975. Akija mgeni anayejua, utaaibika kwa jambo ambalo hukulihitaji hata kidogo.

La tatu, kuandika kwamba "aliondolewa bungeni". Hakuondolewa, alishindwa kwa kura Rufiji katika uchaguzi wa 1965. Huo ndio uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja: kila jimbo wagombea wawili, wote wa TANU, mmoja alama ya jembe na mwingine nyumba. Kuliandika hivyo hakumpunguzii kitu.

Na jina: utaona Mohamed na Mohammed. Chagua moja, jiwe na karatasi vifanane. Barabara inayopita Mnazi Mmoja imeandikwa Bibi Titi Mohamed, mimi ningefuata hiyo.

Pwani_Moja
Naunga mkono yote ya Kumbukumbu, ila kuhusu uhaini natofautiana na watakaosema iandikwe. Jiwe ni la heshima. Mtoto wa kidato cha kwanza akisoma "uhaini" ukutani, ndilo neno atakaloondoka nalo. Ya kesi yasemwe darasani na mwalimu wa historia.

Kumbukumbu
Mkuu Pwani_Moja, hoja yako ina uzito kwa jiwe, kwa wasifu haina. Tazama kinachotokea ukiacha: wasifu unakwenda 1955, 1961, 1962, 1965, kisha unaruka hadi 5 Novemba 2000 alipofariki Johannesburg. Miaka 35 imemezwa. Kila aliyesikiliza atauliza nini kilitokea, na jibu atalipata simuni kabla chai haijapoa, pengine kwa toleo baya zaidi.

Tatizo la wengi ni kwamba wakiiandika kesi wanataka pia kuihukumu. Si kazi ya wasifu. Sentensi nne zinatosha, kavu kabisa:

"Azimio la Arusha la Februari 1967 lilikataza viongozi kupangisha nyumba. Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha, akaachia uongozi. Oktoba 1969 alikamatwa pamoja na wengine, akiwemo aliyekuwa waziri Michael Kamaliza, wakashtakiwa kwa uhaini, na akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 Rais Nyerere alimwachia."

Angalia neno la mwisho. Andika "alimwachia" au "alimpunguzia adhabu". Usiandike "alifutiwa hatia" wala "ilithibitika hana kosa". Kuachiwa na rais si sawa na kushinda rufaa, na mwanasheria yeyote ukumbini ataliona hilo mara moja. Vilevile usiandike "msaliti aliyesamehewa", kuna watu wameandika hivyo kweli. Mashtaka, hukumu, kuachiwa: matatu hayo, kwa mpangilio huo, bila kivumishi.

Kwangu mimi hapo ndipo heshima ilipo. Mwanamke aliyejaza viwanja vya mikutano kabla ya uhuru alitoka gerezani akaishi karibu miaka 30 mingine katika nchi aliyoipigania, nyingi kati ya hizo kimya. Miaka ile usipoitaja humuenzi yeye, unaenzi picha.

FundiPatasi
Mimi niseme ya jiwe, maana hapo juu kuna mvutano ambao vipimo vyenyewe vinaumaliza.

Jiwe la 60 kwa 40 ukiacha pambizo ya sm 4 kila upande, unabaki na 52 kwa 32 za kuandika. Jina herufi za sm 3.5, na nafasi chini yake, zimekwenda 6. Miaka ya kuzaliwa na kufariki herufi za sm 2, na nafasi yake, zimekwenda 4. Zimebaki 22. Maandishi ya kawaida herufi sm 1.2, na nafasi ya 1.2 kati ya mistari, ni mistari 9. Toa mistari mitatu ya chini kwa tarehe ya uzinduzi na pumzi. Una mistari 6, kila mmoja maneno 7 au 8. Jumla ni maneno 45. Usishuke chini ya sm 1, mtu aliyesimama mita 3 atakodoa macho.

Na tafadhali sana: jina la mgeni rasmi lisizidi ukubwa wa maandishi ya kawaida. Nenda kasome mawe ya uzinduzi popote, utakuta "LIMEZINDULIWA NA MHESHIMIWA" kwa herufi kubwa kuliko la anayeenziwa. Jiwe linageuka kuwa la mgeni.

Marumaru nyeupe inapendeza siku ya kwanza, lakini ukutani nje, karibu na bahari, chumvi na mvua huila taratibu, na mfanyakazi akiisafisha kwa dawa ya choo yenye asidi ndio mwisho wake. Chukua graniti nyeusi au ya kijivu, unene sm 2. Itakuwa na kilo 13 hivi, kwa hiyo gundi peke yake isiaminiwe. Matundu manne, katikati ya tundu iwe sm 3 kutoka ukingoni, skrubu za chuma kisichoshika kutu. Skrubu za kawaida hutoa machozi ya kahawia juu ya jiwe kabla mwaka haujaisha. Herufi zichongwe kina cha milimita 2 hadi 3 ndipo zitiwe rangi. Zilizopakwa rangi juu juu jua linazibandua, na kinachobaki ni "BI I TI I".

mwl_jamvini
Nashukuru sana wakuu. Kwa maneno 45, hii je?

"Aliongoza tawi la wanawake la TANU tangu 1955 na kuingiza maelfu ya wanawake katika harakati za uhuru. Mwenyekiti wa kwanza wa UWT. Aliachia uongozi 1967. Alikamatwa 1969, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa 1972."

Pwani_Moja
Mwalimu, hii hata mimi naikubali. Neno lenyewe halimo, na hakuna kilichofichwa. Anayetaka kujua kwa kosa gani ataingia ndani asome, chumba ni cha kusomea.

Kumbukumbu
Imekaa. Mimi ningetoa "katika harakati za uhuru" nikaweka "kudai uhuru", inakuwa fupi na ina mguu wa kukimbia. Kabla ya kuipeleka kwa fundi, pelekeni andiko kwa familia yake kwa maandishi, mwulize tahajia ya jina na mwaka wa kuzaliwa, na mpate jibu kwa maandishi pia. Maneno ya mdomo husahaulika, jiwe likishachongwa kosa halifutiki.

Nukuu pia. Kama rasimu ina maneno "kama alivyosema Bibi Titi" bila kuonyesha alisema wapi na mwaka gani, yaondoe. Mitandaoni kuna misemo mingi mizuri aliyobandikwa.

Mama Sherehe
Walimu wangu, andiko likiwa zuri sherehe nayo isiliangushe. Wasifu usomwe kabla ya pazia kuvutwa, si baada. Pazia likishaanguka watu wanasimama kupiga picha, hakuna atakayesikia tena. Asome mmoja tu, mwanafunzi mwenye sauti, awe ameusoma kwa sauti mara tano nyumbani, na miaka iandikwe kwa maneno kwenye karatasi yake ("elfu moja mia tisa hamsini na tano") ili asigande katikati. Wasemaji kabla yake wakisema "itifaki imezingatiwa" wakakaa, mtaokoa dakika kumi.

Kitambaa kiwe mita 1 kwa sentimita 80, kipite juu ya fimbo nyembamba iliyofungwa sm 10 juu ya jiwe, kamba upande wa kulia. Msikibane kwa gundi ya karatasi wala pini, kinaganda mgeni akivuta, kisha mlinzi anapanda kiti. Kishoneeni uzito kidogo pindoni, upepo usije ukazindua kabla ya mgeni. Vuteni mara tatu siku moja kabla.

Familia ikae mstari wa mbele, isiwekwe nyuma ya mgeni rasmi. Na mwanafamilia ndiye ashike kamba pamoja na mgeni.

FundiPatasi
Mama amemaliza upande wa pazia. La kwangu la mwisho Mwalimu: mwambie fundi atoboe yale matundu manne kabla ya kuchonga herufi, siyo baada. Jiwe likipasuka kwenye kutoboa, mmepoteza jiwe tupu.