Naomba ushauri: kumpandisha mama ndege ndogo, Kitale hadi Nairobi

Wadau, hamjambo. Wiki ijayo nampeleka mama kliniki Nairobi, na mgongo wake hauwezi tena basi la usiku. Nimepata nafasi kwenye Caravan, ile ya injini moja. Shida ni kaka yangu, kaninyima usingizi kwa kunikumbusha Juni 5, 2018: Caravan iliyotoka Kitale iligonga milima ya Aberdare kwenye mawingu, wote 10 wakafa.

Mimi mwenyewe niliwahi kukaa nyuma ya rubani, kioo cha mbele kikawa cheupe kama kimemwagiwa maziwa. Hakuna aliyeongea. Kilele cha Kinangop pale kina mita 3,906, sasa ukishakuwa ndani ya wingu unakijuaje?

Nasikia mawingu ya milimani huzidi mchana, kwa hiyo nafikiria ndege ya asubuhi. Je, inasaidia kweli? Abiria anaweza kumwuliza rubani njia na kimo bila kuonekana msumbufu? Na mama ana presha, kule juu atapumua vizuri? Wanaosafiri njia hii, nisaidieni kabla sijalipa. Kaka nimeshamwambia anyamaze mbele ya mama.