Arusi Jumamosi, Swaleh yuko Lukla

Kikundi: UKOO WA KIBOKONI

*Jumanne*

Swaleh (06:10): Asalam aleikum nyote. Nshashuka mlimani salama alhamdulillah, niko Lukla huku Nepal lakini ndege ya leo ya kunirudisha Kathmandu haijaja, ukungu umejaa bonde zima mwisho wa uwanja hauonekani. Twangoja tu

Mama: Waaleikum salaam babangu. Huko saa ngapi

Swaleh: Saa tatu kasoro dakika tano

Mama: Mbona hesabu haikai sawa, hapa saa kumi na mbili na dakika kumi

Swaleh: Nepal wako mbele yetu masaa mawili na dakika 45 mama, ndivyo saa yao ilivyo

Shangazi Rukia: Nchi gani hiyo yenda na robo robo 😂😂

Fatma: Kaka. Jumamosi arusi yangu. Nakukumbusha tu

Shangazi Rukia: Atafika. Nshawaambia Markiti nzima mwanetu kapanda Everest

Swaleh: Shangazi mimi sikupanda Everest!! Nilifika kambi ya chini tu, mita 5,364. Kilele chenyewe ni mita 8,849 hata sikukisogelea

Shangazi Rukia: Basi nshawaambia. Wacha hivyo hivyo

Swaleh (09:20): Imekanselwa. Za leo zote

Fatma: 😭

Ami Salim: Kwani ndege za siku hizi hazina mitambo ya kupita kwenye ukungu? Meli hapa Kilindini zaingia usiku

Swaleh: Ami uwanja wenyewe ni wa ajabu, lami yote mita 527, ule wetu wa Moi ni zaidi ya kilomita tatu. Halafu umeinama kama ile teremko ya kushuka feri, wanatua wakipanda na kuruka wakishuka, huku mbele ni ukuta wa mlima na kule nyuma ni shimo. Rubani atua kwa macho yake, akishaingia kwenye bonde hakuna kuzunguka ati ajaribu tena. Asipoona haji, na mie sitaki aje

Mama: Ya Rabbi. Nawe ulienda huko kwa pesa zako mwenyewe

*Jumatano*

Swaleh (07:45): Leo tena hapana. Ndege mbili ziliingia asubuhi sana bonde likafunga. Na nimejua kitu sikukijua, ukikanselwa jana haimaanishi leo wewe ndiwe wa kwanza, wale wenye tiketi za leo ndio wanaanza, sisi wa jana twangojea nafasi ama ndege ya ziada. Kwa hivyo mtu wa jana na juzi wote twakaa pamoja tunaangalia mbingu kama kuku

Fatma: Na ulijiwekea siku ngapi za akiba wewe

Swaleh: Moja

Fatma: MOJA. Watu wote walikwambia weka tatu nne. Hamadi alikwambia mimi nikiwepo

Hamadi: Mimi sisemi kitu. Ila Swaleh sikiza, ile ndege yako ya kutoka Kathmandu ni ya leo usiku sivyo? Usingoje ipite. Wapigie sasa hivi kabla haijaruka wakusogezee tarehe. Usipotokea bila ya kuwaambia wanakuandika hukufika na vipande vyote vilobaki vinakufa, mpaka kile cha Doha kuja Nairobi, utanunua upya yote. Hapa ofisini naona kila mwezi mtu analia kwa hilo

Swaleh: Waifai hapa yauzwa kwa kadi na simu kuchaji ni pesa vilevile, nina asilimia 11

Hamadi: Nitumie ile namba ya bukingi kwa faragha si hapa, nitapiga mimi. Wee waombe shirika la ndege karatasi iliyoandikwa kuwa safari ilifutwa kwa hali ya hewa, na risiti za hoteli na chakula usitupe hata moja, bima hawalipi maneno

Swaleh: Sawa bro. Mungu akulipe

Mama: Wala nini huko

Swaleh: Wali na adesi mama, na mboga, wanakuongeza mpaka ukatae. Adesi zao si mbaya ila hamna nazi

Shangazi Rukia: Maskini. Hamna nazi

Ami Salim: Fatma mwanangu usilie na simu. Marehemu babako hayupo na babu hayupo, walii wa kukuozesha ni Swaleh hilo twalijua, lakini akichelewa aweza kunifanya mimi wakili wake. Nimeuliza shekhe kasema yafaa, atamke yeye kwa simu mashahidi wasikie. Nikaha haiahirishwi

Fatma: Ami najua yafaa. Sitaki ifae nataka aje

Hamadi (13:30): Nimepata. Wamesogeza mpaka Ijumaa usiku, kuna cha kuongeza kidogo nimelipa, tutaongea. Doha, Nairobi Jumamosi asubuhi, halafu ile ndogo ya kuja Mombasa. Kwa hivyo Swaleh Ijumaa jioni lazima uwe Kathmandu kwa njia yoyote

*Alhamisi*

Swaleh (05:50): Mawingu. Kuna watu wa chopa, helikopta, wasema dola 500 kichwa tukijaa watano. Nani ana ushauri

Mama: Hiyo ni ngapi

Hamadi: Kama elfu 65

Mama: Elfu 65!! Shuka kwa miguu

Swaleh: Mama kwa miguu mpaka Salleri ni siku mbili tatu, halafu gari siku nzima. Arusi mtakuwa mshakula mshalala

Mama: Mimi nitatoa. Ile ya vyombo haijatumika yote

Fatma: Mama hapana

Ami Salim: Hebu ngojeni. Hiyo chopa yapita ndani ya mawingu?

Swaleh: Hapana nayo yataka kuona. Ila yatosha uwazi mdogo

Ami Salim: Basi pesa hainunui wingu. Nilivyokuwa kwenye majahazi tulingoja upepo Lamu siku tisa na mzigo wa watu ndani, nahodha hatweki tanga kwa sababu abiria ana arusi. Weka jina kwa hao wa chopa lakini usitoe pesa kwanza, ngoja mpaka adhuhuri ya huko. Kukifunguka kidogo chopa. Kukifunguka sana ndege yako ushailipia

Swaleh: Sawa ami

Shangazi Rukia: Nimetuma duwa ya safari kila mtu asome mara saba na awatumie watu kumi

Hamadi: Shangazi hii umeituma Ramadhani pia

Swaleh (08:05): KUNAFUNGUKA

Swaleh (08:07): Nasikia ving'ora, vikilia ndio ndege yaja watu wote wakimbia na mabegi

Fatma: Kimbia weye pia!!!

Swaleh (08:40): Nimepata kiti!! Kibegi kilo 15 tu, viatu nimevaa jaketi nimevaa mbili. Haiendi Kathmandu yenda Ramechhap, msimu huu ndivyo wafanyavyo, robo saa hewani halafu gari kama masaa matano mpaka Kathmandu. Nazima simu

Mama: (vois 1:42)

Hamadi: Mama hasikii amezima

Mama: Najua. Nilikuwa namuombea

*Jumamosi*

Swaleh (08:15): Niko Nairobi. Ndege ya Mombasa imecheleweshwa kwa muda wa saa moja 🙂

Fatma: Unanitania

Swaleh: Wallahi sikutanii. Wasema saa nne na nusu

Ami Salim: Nikaha ni baada ya laasiri. Tuliza moyo

Shangazi Rukia: Mbona huko milimani hukucheka hivyo, hapa Nairobi ndio wacheka

Hamadi (11:50): Niko eapoti. Imetua

Mama: Wamuona?

Hamadi: Bado watoka

Mama: Sasa?

Hamadi: Namuona. Ndevu mpaka hapa, amekonda, pua imebabuka kwa jua. Na bado amevaa hizo jaketi mbili, Mombasa hii

Fatma: Kanzu iko kwa gari kiti cha nyuma msiikalie. Kinyozi mpitie Bondeni, nshampigia awangoje